Mfumo Usiotangulia: Uhakiki wa Istilahi za Mifumo ya Wakati wa Hatua

Kila siku saa 3 asubuhi, katika vituo vya kupimia mvua nchini, msomaji huliendea kopo la mvua, humimina maji katika chupa yenye alama za milimita, huandika alichokiona, kisha humwaga maji na kulirudisha kopo mahali pake. Mvua yenyewe haimngoji msomaji. Yaweza kunyesha alasiri, ikakatika, ikarudi usiku wa manane. Lakini daftari halina alasiri wala usiku wa manane. Lina namba moja kwa siku, na baina ya namba na namba hapana kitu. Mwenye kulielewa daftari hilo ameshaelewa nusu ya somo linaloitwa katika vyuo vya uhandisi uchakataji wa ishara kwa tarakimu, hata kama hajapata kulisikia jina lake.

Rasimu tunayoihakiki hapa inahusu somo hilo. Ni maelezo mafupi yaliyotungwa kwa Kiswahili kwa ajili ya walimu wa hisabati na mafundi wa mitambo ya redio katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, nayo yanaeleza sifa za msingi za mifumo ipokeayo mfuatano wa namba na kutoa mfuatano mwingine. Mtungaji wake ameomba maoni kabla istilahi zake hazijapelekwa mbele. Tunampongeza kwa kuthubutu. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, istilahi za ofisini, za mahakamani na za kilimo zimeshughulikiwa kwa bidii. Za uhandisi zimeachwa nyuma, na sababu yake haifichiki. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Istilahi isiyofundishiwa hukaa kama kanzu ya sanduku: haichakai, wala haimkai mtu vizuri.

Hata hivyo pongezi si uhakiki. Rasimu ina maneno mazuri, ina maneno ya kuvumilika, na ina maneno matatu ambayo yakipita kama yalivyo yatawapotosha wanafunzi, na hao matatu ndio waliotushughulisha zaidi.

Tuanze na jina la somo. Kitenzi "kuchakata" mtungaji amekipata mahali pema. Watu wa mkonge walikuwa nacho zamani, na jambo la kuingiza majani upande mmoja na kupata nyuzi upande wa pili ni mfano wa mfumo usiohitaji maelezo. "Kwa tarakimu" nako tunakukubali, ingawa tunajua kwamba barabarani neno limekwisha shinda "dijitali". Mitambo ya zamani ya televisheni ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kila mtu alijifunza kusema analojia na dijitali. Lakini punde si punde "dijitali" likawa na maana ya kisasa tu, hata pakawa na vijana wa dijitali na mapenzi ya dijitali. Neno lililokwisha sahau kwamba lina tarakimu ndani yake halimfai mwalimu anayetaka kuonyesha tarakimu zenyewe.

"Ishara" ni sahihi, na mafundi wanaotaka "mawimbi" hawana haki. Wimbi ni kibebaji. Ishara ni kinachobebwa. Daftari la mvua halina wimbi hata moja, na bado ni ishara.

Sasa twende kwenye "wakati". Kiingereza kina sifa moja kwa wakati unaosomwa kwa vipande vilivyotengana, na sifa nyingine kwa wakati unaotiririka bila kukatika. Rasimu inasema "wakati tofauti" na "wakati mfululizo". La kwanza halisemi kitu, kwani wakati wowote ni tofauti na mwingine. (Asiye mwangalifu hufanya vibaya zaidi: maneno mawili ya Kiingereza yanayotamkwa sawasawa humchanganya, akatuletea "mifumo ya wakati wa busara".) La pili lina kasoro ya hila. Walimu wa hisabati wameshazoea kuita "mfululizo" zile namba zinazofuatana kwa kanuni na kujumlishwa, yaani kitu cha vipande hasa. Kwa hiyo mwanafunzi ataambiwa na mwalimu mmoja kwamba mfululizo ni namba moja moja, na mwalimu wa pili kwamba mfululizo ni kisichokuwa na moja moja. Sisi tunapendekeza "wakati wa hatua" na "wakati usiokatika". Hatua ina faida nyingine: mtu huuliza papo hapo hatua hiyo ina urefu gani, na swali hilo ndilo linalotakiwa. Simu huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde; santuri ya kompakti huchukua 44,100; kopo la mvua huchukua moja kwa siku. Claude Shannon alithibitisha katika makala yake ya mwaka 1949 kwamba hatua ikiwa fupi kuliko nusu ya kipindi cha badiliko la haraka kabisa lililomo katika ishara, hapana kinachopotea. Ikizidi hapo, hupotea, ndiyo maana daftari la kituo haliwezi kumwambia mkulima wa Nkwenda kama mvua ilinyesha mchana au usiku.

Na hatua hizo zapaswa kulingana. Sensa za watu nchini zilifanyika miaka ya 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ni mfuatano, lakini hatua zake ni miaka 11, 10, 14, 10 na 10. Mwalimu akiuingiza mfuatano huo katika kanuni za somo hili kana kwamba hatua ni moja, atapata majibu mazuri ya jambo lisilokuwapo. Rasimu haikuligusa hili, liongezwe.

La kwanza kati ya yale maneno matatu ni "mfumo wa mstari". Sifa inayokusudiwa ni hii: ukiingiza vitu viwili kwa pamoja, kitokacho ni sawa na jumla ya vile ambavyo vingetoka kama ungaliingiza kimoja kimoja, na ukizidisha kiingiacho mara tatu, kitokacho nacho huzidi mara tatu. Mtungaji ameitafsiri kwa mstari kwa kuwa Kiingereza kimefanya hivyo, kisha akachora mstari mnyoofu kwenye karatasi ya miraba na kuandika kwamba kila mfumo wenye mchoro kama huo una sifa hii. Hapo ndipo alipoteleza.

Tumpeleke kwenye mizani ya chama cha msingi. Kahawa ya Karagwe na Kyerwa, iliyo nyingi robusta, huanikwa juani na maganda yake na kupelekwa kwenye chama cha msingi, na vyama hivyo viko chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, kinachohudumia wilaya zote mbili. Tuseme karani anakata kilo 1 katika kila upimaji kwa ajili ya gunia. Mkulima akileta kilo 60 leo na kilo 40 kesho, ataandikiwa 59 na 39, jumla 98. Akizileta zote 100 kwa upimaji mmoja, ataandikiwa 99. Chora kanuni ya karani kwenye karatasi: ni mstari mnyoofu usio na hata kombo. Na bado jumla ya majibu si jibu la jumla, kwa hiyo mfumo huo hauna sifa inayozungumzwa. Kilo iliyopotea ni ya mkulima, naye anajua ilikopotelea bila ya kusoma uhandisi; mwanafunzi aliyeikariri rasimu ndiye ambaye hatajua.

Tulijaribu kutafuta neno lingine. "Jumlishi" linavutia, lakini litamfikisha msomaji kwenye mfumo unaolimbikiza, yaani unaojumlisha yote yaliyopita, na huo ni mfumo mmoja tu miongoni mwa mingi. "Wianifu" kutokana na uwiano linashika nusu ya pili ya sifa na kuiacha ya kwanza: mfumo unaochagua iliyo kubwa kati ya namba mbili za mwisho hutunza uwiano, lakini hautunzi majumlisho. Kwa kweli sina neno ninaloweza kuliapia. Maoni yangu ni kwamba "mstari" libaki, lakini mchoro ufutwe, na fasili iwe kanuni ya majumlisho na uwiano, pamoja na onyo kwamba mfumo wa namna hii ukiingiziwa sifuri tangu mwanzo hutoa sifuri. Karani wetu akipima mizani tupu ataandika kilo moja ya deni, na hapo kila mtu ataona.

Neno la pili ni "mfumo usiobadilika na wakati". Tumelisoma mbele ya walimu kadhaa, na karibu wote walielewa kwamba kitokacho hakibadiliki, kwamba mfumo hutoa namba ile ile leo na kesho. Kama ingekuwa hivyo, mfumo ungekuwa jiwe. Kisichobadilika ni kanuni. Ukiingiza mfuatano ule ule siku tano baadaye, utapata majibu yale yale siku tano baadaye, basi. Waswahili tuna mfano ulio mdomoni mwetu kila siku. Tunaanza kuhesabu saa kwenye macheo na machweo, Waingereza huanza kwenye usiku wa manane na adhuhuri, na tofauti ni saa sita. Msomaji wa kopo akiandika saa 3 na mwenziwe akaandika saa 9, maji hayaongezeki hata tone. Kazi isiyojali mwanzo wa kuhesabu umewekwa wapi ndiyo yenye sifa hii.

Kinyume chake ni cha maana zaidi kwa watumishi wa serikali, nacho rasimu imekipita mbio. Mwaka 2012 Kyerwa ilitengwa na Karagwe ikawa wilaya. Mtu akifungua jedwali lenye kichwa "Wilaya ya Karagwe", akaona namba za mwaka 2005 na za mwaka 2015 katika safu moja, anatazama mifumo miwili iliyovaa jina moja. Kanuni ya kwanza ilijumlisha Kayanga, Nyaishozi, Nkwenda, Kaisho na Murongo pamoja. Ya pili iliziacha hizo tatu za mwisho upande wa Kyerwa. Kahawa, ng'ombe, watoto wa shule, chochote kile kitaonekana kimeporomoka, na afisa mgeni ataandika ripoti kueleza sababu za maporomoko yasiyotokea. Huo ni mfumo ambao kanuni yake ilibadilika katika tarehe inayojulikana. Laiti mtungaji angaliutumia mfano huu badala ya ule wake wa mashine inayoruka kila namba ya pili, ambao ni sahihi lakini haumgusi mtu.

Kwa hiyo tunapendekeza "mfumo wa kanuni ya kudumu". Maneno ni matano, twajua, na wahandisi wanapenda ufupi. Lakini neno "kudumu" wameshalizoea watumishi katika katiba na katika ajira, na linaiweka sifa pale inapostahili, juu ya kanuni.

Neno la tatu ndilo baya kuliko yote. Mfumo ambao kitokacho chake leo hutegemea viingiacho vya leo na vya nyuma tu, wala hautegemei vya kesho, rasimu inauita "mfumo sababishi". Kwanza, neno hilo lina mwenyewe. Walimu wa sarufi wanalitumia kwa kitenzi cha kumfanya mwingine atende, kama pikisha na lalisha. Pili, linasema uongo. Mfumo huu hausababishi jambo, unasubiri sababu. Tafsiri ya neno kwa neno imechukua sauti ya Kiingereza na kuiacha maana.

Madhara yake si ya darasani pekee. Mto Kagera ndio mkubwa kuliko yote inayomwaga maji katika Ziwa Victoria. Unapita mpakani mwa Karagwe na Kyerwa kwa upande wa Rwanda, kisha unageuka kufuata mpaka wa Uganda, na hapo Murongo, mkabala na Kikagati, pamejengwa mtambo wa umeme wa maji. Watu wa pande zote wanataka kujua kina chake. Kwa kuwa namba za siku moja moja hurukaruka, ni desturi kuzilainisha kwa wastani wa siku tatu. Tuseme kina kwa siku sita mfululizo ni sentimita 200, 200, 230, 260, 230, 200. Mtu mmoja huchukua wastani wa jana, leo na kesho. Siku ya pili atapata 210, ya tatu 230, ya nne 240, ya tano 230. Mwingine huchukua wastani wa juzi, jana na leo. Siku ya tatu atapata 210, ya nne 230, ya tano 240.

Tazama mchoro wa yule wa kwanza. Siku ya pili mto ungali kwenye 200, lakini mstari wake umekwisha panda hadi 210. Mkuu wa ofisi akiutazama baada ya mwezi mmoja atasema: wastani huu hutuonya kabla ya mafuriko, tuutumie. Wala si mjinga. Ndivyo mchoro unavyosema. Ila ile 210 ya siku ya pili haikuweza kuandikwa siku ya pili. Iliandikwa siku ya tatu, baada ya 230 kusomwa, wakati maji yalikuwa yamepanda na mwenye shamba la kando ya mto ameyaona kwa macho yake. Kwa kazi ya kumbukumbu wastani wa kwanza ni bora, kwa kuwa kilele chake kinaangukia siku ya kilele cha kweli, ile ya nne. Kwa kazi ya tahadhari haufai hata kidogo. Yule wa pili huchelewa siku moja, lakini hachukui kisichokuwapo.

Sasa mwulize mwanafunzi wa rasimu ni upi kati ya hiyo miwili ulio "sababishi". Atakisia. Mwulize ni upi "usiotangulia", na jibu limo ndani ya neno. Mfumo usiotangulia hautoi jibu kabla ya swali. Ndilo neno tunalolipendekeza, na kinyume chake ni "mfumo unaotangulia", ambao si kosa kuwa nao ikiwa data zote zimekwisha kuwekwa kabatini.

Mwalimu mmoja wa Kayanga alitupinga kwa hoja ambayo inastahili kuelezwa. Alisema: katika wilaya zetu watu hupokea fedha za kahawa ingali maua, biashara ile ya butura ambayo serikali inaikataza, je, huo si mfumo unaotangulia, maana fedha za leo zinatokana na mavuno ya miezi ijayo? Hapana. Mchuuzi wa butura halipii mavuno, hajayaona. Analipia makisio yake, na makisio ameyajenga kwa maua ya leo, mavuno ya mwaka jana na shida ya mkulima, ambayo yote yamekwisha kuonekana. Jua likiunguza maua kesho, fedha aliyokwisha kuitoa jana haipungui. Kutabiri si kutangulia. Na kwa kuwa hoja hiyo imetokea mara moja, itatokea tena; rasimu iweke mfano wa butura waziwazi na kuutenganisha.

Yaliyobaki ni mepesi. "Kumbukumbu" kwa mfumo unaohitaji viingiacho vya nyuma ni neno jema, hata kama makatibu watakumbuka kumbukumbu za mkutano. "Kichujio" kipite bila mjadala. "Mwitiko" kwa jibu la mfumo unapopigwa mara moja tu na kuachwa ni tafsiri nzuri mno, natamani ningaliibuni mimi.

Kuhusu "thabiti" palikuwa na ubishi kidogo. Sifa yenyewe ni kwamba kiingiacho kikiwa na kikomo, kitokacho nacho kitakuwa na kikomo. Wengine walitaka "imara", lakini hilo ni la daraja na la nguzo. Mfumo waweza kuwa imara kama chuma na bado ukapiga mluzi. Kila aliyehudhuria mkutano wa hadhara ameusikia mluzi huo: kipaza sauti kikisogezwa mbele ya spika, sauti inarudi, inakuzwa, inarudi tena, hata mwenyekiti anaziba masikio. Hakuna aliyepiga kelele. Mfumo umejilisha wenyewe. Deni ni hivyo hivyo. Shilingi 100,000 zenye riba ya asilimia 10 kwa msimu hufikia 214,359 baada ya misimu minane, ingawa mkopaji hakuongeza kukopa hata senti. Lakini mfumo unaobakiza nusu tu ya ulichokuwa nacho na kuongezewa 100 kila hatua utatoa 100, 150, 175, 187.5, ukiikaribia 200 pasipo kuifikia. Huu wa mwisho ni thabiti, na mtu thabiti katika Kiswahili si asiyekasirika; ni asiyepitiliza. Neno libaki.

Rasimu irudishwe kwa mtungaji na mapendekezo haya: "wakati wa hatua", "wakati usiokatika", "mfumo wa kanuni ya kudumu", "mfumo usiotangulia". Kuhusu "mstari" tunangoja barua za wasomaji, hasa za walimu wa hisabati, ambao huenda wanalo neno wanalolitumia ubaoni na hawajapata kuulizwa.